Baba Mkwe Alisimama Katikati ya Mtihani

Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni. Hampi mkono, hali naye, hatamki jina lake. Hapa mjini Tukuyu wengine wameshaacha, utawakuta sebule moja wanaangalia taarifa ya habari, mkwe huku na mkamwana kule, wanacheka. Nyumbani kwetu Ibighi bado tunashika. Mama mkwe wangu Esnath ametoka Kyimo kwa watu wanaoshika, na mimi nimetoka Ikuti nikiwa nimefundwa hivyo hivyo. Nikitaka kupita barazani nakohoa kidogo. Baba akisikia anasimama, anageukia ukutani, nami napita na kanga yangu kichwani. Hatuna ugomvi. Ananipisha kama mimi ninavyompisha.

Kwa hiyo haya ninayosimulia juu yake mengi niliyasikia kupitia ukutani, mengine niliambiwa na mama. Jina lake sitalitaja. Watu wanamwita Baba Prosper, kwa jina la mume wangu, ambaye yuko Chunya machimboni.

Baba alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa jirani na stendi, yenye pazia la maporomoko ya maji na kiti cha kamba. Ingia nyumba nyingi za Rungwe, ile picha ya harusi iliyosimama juu ya kabati ni ya mkono wake. Zikaja simu. Kila mtu akawa mpiga picha, na yeye akabaki na pasipoti saizi na watoto wa kipaimara. Hata hivyo hakufunga studio kwa sababu ya simu. Alifunga kwa sababu ya Saada.

Saada ni mshonaji wa pale sokoni. Alikuja kuomba isafishwe tena picha ya mama yake, aliyekuwa amefariki mwezi ule. Baba alikuwa ameweka picha zake zote za miaka mingi kwenye diski moja, na ile diski ilikuwa imekufa. Aliipeleka kwa mafundi mpaka Mbeya, ikarudi vile vile. Saada hakugomba. Alisema tu, "Basi, Baba Prosper. Mimi nilijua kwako ipo."

Mama anasema angetukanwa ingekuwa nafuu. Baba alitembea na ile diski kwenye koti kama mtu aliyebeba jiwe, akiuliza kila anayejua kompyuta: watu wenye vitu vingi kuliko mimi wanaviweka wapi visife? Kijana mmoja aliyekuja kufunga mashine hospitalini ndiye aliyemjibu. Akamwambia kuna majumba makubwa ya kompyuta huko nje, unakodi nafasi, vitu vyako vinakaa sehemu zaidi ya moja kwa wakati mmoja, ndiyo wanaita teknolojia ya wingu. Akamwambia pia kwamba kuna watu wanaoajiriwa kuvitunza, na masomo yake yapo bure kwenye mtandao.

Baba alikuwa ameshapita hamsini. Akauza kamera ya pili, akanunua laptopu iliyotumika, akaanza.

Jiko letu limeegemea ukuta wa sebule. Nilikuwa nachambua maharage upande huu, yeye anasoma Kiingereza kwa sauti upande ule, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Akikwama anarudi nyuma, anaanza sentensi upya. Mama alikuwa akimkatiza.

"Hebu nieleze na mimi," alimwambia siku moja. "Usije ukawa unazeeka peke yako na maneno."

"Wewe mbegu zako za maharage unaweka wapi?"

"Kikapu kimoja hapa darini, kingine kwa dada yangu."

"Kwa nini usiweke vyote hapa?"

"Moto ukitokea je?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Seva moja ikiungua, nyingine inaendelea, mteja hajui kama kuna kilichotokea."

Mama akafikiri. "Na panya wa kwa dada?"

"Ndiyo maana watu wenye akili wanaweka na kikapu cha tatu."

"Basi kumbe nimesomea bure," mama akasema, na nikawasikia wote wawili wakicheka. Nami nikacheka na maharage yangu.

Nje hawakucheka vizuri hivyo. Kanisani walimpa jina, Mzee wa Mawingu. Mzee Abrahamu, mzee wa kanisa ambaye ni rika lake tangu utoto, alikuwa akimsimamisha mlangoni baada ya ibada: "Bwana, wewe uko karibu nayo, hebu tuulizie, mvua ipo leo, tunaanika au hatuaniki?" Baba alijibu, "Anika, lakini usiende mbali." Akifika nyumbani hakuwa na utani. Nilisikia akimwambia mama kwamba usiku anaota yuko darasani na vijana, wote wamemaliza, yeye bado anatafuta kalamu.

Kisha likaja jambo lenyewe. Kampuni moja ya Dar inayotunza mifumo ya zahanati ilimwandikia kwamba ikiona cheti cha masomo hayo itampa kazi ya majaribio, na ataifanyia hapa hapa nyumbani. Kundi la wanafunzi wenzake wa mtandaoni nalo likampa nafasi ya kufanya mtihani wa cheti hicho bila kulipa, ila nafasi yenyewe ilikuwa inakufa mwisho wa mwezi. Hakuwa na njia ya kuupata mtihani ule mara ya pili. Tangu siku ile nyumba nzima ikaanza kutembea kwa ncha za vidole.

Masharti yake yalinitisha kuliko maswali. Mtihani unafanyika nyumbani, lakini kuna msimamizi, yuko nchi za mbali, anakutazama kwa kamera mwanzo hadi mwisho. Chumbani uwe peke yako. Usisimame. Usizungumze. Akionekana mtu mwingine, au ikisikika sauti ya mtu, anaweza kuufuta.

"Hata midomo wanaangalia," baba alimwambia mama. "Ukisoma huku unatikisa midomo wanasema unamnong'oneza mtu."

Hapo palikuwa na kazi, maana baba hajui kusoma bila midomo. Mama ndiye aliyepata dawa. Alimpa kikombe, akamwambia ajaze maji mdomoni ndipo asome. Akisahau akafungua mdomo, analowa. Wiki nzima nilikuwa nafua mashati yaliyoloa kifuani, mpaka siku moja nikakuta shati kavu. Nikamwambia Vero, binti yangu, "Babu ameweza." Vero alikuwa na miaka miwili, akapiga makofi bila kujua ni ya nini.

Jambo la mwisho lilikuwa kuta. Msimamizi hataki kuona makaratasi, na sebule yetu ilikuwa imejaa picha: maharusi, wachungaji, watoto wa watu. Baba alizishusha moja moja. Nilipopita mchana, yeye akiwa hayupo, nikaona mahali zilipokuwa pamebaki vipande vyeupe kwenye rangi. Nikajiambia, huyu mzee ameshatoa kila kitu nje, sasa asipofaulu atarudi wapi?

Asubuhi ya mtihani mama alipanga ulinzi. Yeye angekaa barazani na mchicha wake, azuie wageni. Mimi na Vero tungekuwa jikoni. Chumba changu hakina mlango wa nje, unakiingia kwa kupitia sebuleni, kwa hiyo nilitoa nepi, uji na kanga ya kubebea mapema. Baba akafungua dirisha la barazani kwa ajili ya mwanga, maana kamera ilikuwa inamwonyesha kama kivuli, akafunga mlango, tukasikia kiti kikivutwa. Kimya.

Hakikupita kitambo, kilio kikatoka nyumba za chini. Jirani aliyekuwa akiugua amekata roho.

Mama alikuja jikoni huku anajifunga kitenge. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Lazima nionekane," alisema kwa sauti ya chini. "Tumechimba naye, tumepalilia naye. Nisipokwenda sasa watasema tunamficha mchawi ndani. Nakwenda kuinama kwa wafiwa tu, narudi."

"Mama, na mtu akija?"

"Mzuie."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mzuie, lakini wewe barazani usipite. Umenielewa mwanangu? Barazani usipite."

Nikamfunga Vero mgongoni. Ana kawaida ya kulala nikichochea moto, lakini watoto wanajua siku gani wasilale. Alijipindapinda, akavuta nywele zangu, mwisho nikamshusha nikampa mwiko achezee.

Ndipo nikasikia sauti njiani. Ni Mzee Abrahamu, na mzee yule hana sauti ndogo. Anaanza kukusalimu akiwa kwa jirani wa tatu. Alikuwa anakuja kumchukua baba waende msibani. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikakimbia kuzunguka migomba, nikamkuta kabla hajafika uani, nikapiga goti hapo hapo kwenye tope.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona unakuja kama mwizi? Baba mkwe wako yuko wapi?"

"Babu, naomba usiseme kwa nguvu."

"Amelala? Mchana huu, na msiba umetokea?" Akavuta pumzi ili amwite. Nikaona kifua kikipanda.

"Babu, nakuomba! Yuko kwenye mtihani."

"Mtihani wa nini? Mzee mwenye mjukuu?"

"Wa kompyuta. Wakisikia sauti ya mtu wanamfukuza."

"Nani anamfukuza nyumbani kwake?"

Sikuwahi kumzuia mtu mzima maishani mwangu. Nikasema, "Babu, kuna ndizi ziko motoni, na baridi hii. Njoo uzionje kwanza." Akanitazama, akatazama nyumba, akanifuata hadi jikoni, akakaa kwenye kigoda huku ananung'unika kwamba zamani msiba ulikuwa msiba.

Nikainama kumgeuzia ndizi. Nilipoinuka, mwiko ulikuwa sakafuni na Vero hayupo.

Kutoka jikoni nilimwona. Alikuwa ameshapanda baraza, anatembea kwa mikono mbele kuelekea mlango wa sebule. Mlango ule haufungiki vizuri. Mtoto akiuegemea tu unafunguka. Na alikuwa amejaza mashavu, anataka kuita "Babu!" kama anavyoita kila siku.

Sikukumbuka neno lolote la mama. Nilikimbia. Nikapanda baraza, nikapita mbele ya lile dirisha lililo wazi, na nilipofika dirishani nikakohoa.

Sikukusudia. Koo lilifanya lenyewe, kama mguu unavyojua ngazi ya nyumbani. Nilimkamata Vero mkono wake ukiwa juu ya mlango, nikamziba mdomo, nikasimama hapo nimeegemea ukuta. Ndani nikasikia kiti kikisogea.

Baba alikuwa amesimama.

Nilijua bila kuona. Alikuwa amesikia mkamwana anapita, akafanya alivyofanya siku zote tangu nilipoolewa: akainuka, akageukia ukutani, kunipisha. Halafu ukaja mlio kutoka kwenye kompyuta, mmoja mdogo, kama wa kengele ya baiskeli. Kisha sauti ya baba kwa Kiingereza, anasema samahani, samahani, tena na tena. Nikasikia hatua zake zikizunguka chumba. Baadaye nilijua alikuwa ameamriwa kuzungusha kamera kila pembe aonyeshe kwamba hakuna mtu. Mimi upande wa pili wa ukuta nilikuwa nimefumba macho, mkono wangu kwenye mdomo wa mwanangu, namwomba Mungu asiniache nikohoe tena, maana sasa koo zima lilikuwa linawasha.

Hatimaye kiti kikavutwa, pakawa kimya. Nikanyata kurudi kwa kuzunguka nyuma.

Mzee Abrahamu alikuwa ameona yote kutoka kwenye kigoda. Ndizi ilikuwa mkononi haijang'atwa.

"Umekohoa," alisema, safari hii kwa kunong'ona.

"Ndiyo, babu."

"Naye akasimama."

"Ndiyo, babu."

"Sasa angefanyaje?" Akatikisa kichwa. "Angefanyaje yule, jamani." Akampakata Vero, akammegea ndizi. Mvua ikaanza, ile yetu isiyobisha hodi, ikapiga bati mpaka nisingeweza kusikia kama ndani kuna mtu anayepumua. Alipoondoka aliniambia, "Msibani nitawaambia baba yako yuko kazini." Kwa mara ya kwanza hakusema mawingu.

Mama aliporudi nilimweleza kila kitu nikiwa nimepiga magoti. Hakunigombeza. Alikaa chini na kitenge chake kilicholoa, akasema, "Ndaga mwanangu," neno tunalolitumia kwa shukrani na kwa pole pia. Sikujua ananipa lipi.

Mtihani uliisha. Matokeo hayakutoka. Ulikuja ujumbe kwamba yamezuiliwa mpaka video itazamwe, na mtahiniwa aandike kwa nini alitoka mbele ya kamera.

Siku zilizofuata sikuweza kula vizuri. Baba hakusoma tena kwa sauti, na ule ukimya kwenye ukuta wa jiko ulinisumbua kuliko kelele. Nilichoma mboga. Nilimnyonyesha Vero nikiwaza nirudi kwetu Ikuti kabla sijafukuzwa. Kila nilipotaka kupita nilisimama kwenye kona, nikaogopa kukohoa, nikaogopa kutokukohoa, mwisho nikazunguka nje kwenye matope.

Nilisikia wakishauriana juu ya ile barua.

"Andika mguu ulikufa ganzi," mama alisema. "Au mkojo. Nani atabishana na mkojo wa mtu mzima?"

"Wana video. Wameniona nimegeukia ukuta na mikono nyuma. Mwenye ganzi anageukia ukuta?"

"Basi utaandika nini?"

"Kilichotokea."

"Na wao watajua nini mambo ya wakwe?"

"Hawatajua nisipowaambia."

Jioni mama akaja jikoni, akakaa karibu yangu kuliko kawaida. "Baba yako ananiambia nikuulize. Anataka kuandika kwamba mke wa mwanawe alikuwa anapita. Anauliza kama unamruhusu kukutaja."

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Jina langu liko kwenye cheti cha ubatizo, cha ndoa na kadi ya kliniki ya Vero. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu wa nchi za mbali angesoma juu ya kikohozi changu. Lakini kilichofanya machozi yanitoke ni kwamba aliuliza.

"Aandike, mama. Aandike pia kwamba nilikuwa namkimbilia mtoto, nisionekane nilipita ovyo."

"Nitamwambia."

Akaandika. Tukangoja. Nafasi ya bure ikafa na mwezi wake, kwa hiyo ikawa ni jibu lile au hakuna.

Lilipokuja nilikuwa naosha vyombo. Sikusikia kelele. Mama alitoka sebuleni akilia, ameshika kichwa, nami nikakalia ndoo. Alinifikia, akanishika mabega.

"Amepita," alisema. "Amepita kwa kuchungulia tu, lakini amepita. Wamesema maelezo wameyakubali."

Nikalia na mimi. Vero akatuangalia, akaona afanye kama sisi.

Ningependa kusema hofu iliishia hapo. Kazi ya majaribio ilipoanza, baba akawa mezani sebuleni tangu asubuhi, anazungumza na watu wa Dar kupitia kompyuta, mara simu inalia kengele kwamba mfumo wa zahanati fulani umesimama, anaruka juu. Mimi nina mtoto, nina nguo, chumba changu kiko ndani kwake. Nikawa natoka alfajiri na kuingia jioni, mchana kutwa nipo jikoni kama mgeni. Na usiku mmoja nikasikia mama akisema, kwa upole kabisa, "Labda Mama Vero akae kwao Ikuti mpaka majaribio yaishe. Tusije tukaharibu tena." Baba alimjibu kwa sauti ndogo, sikumsikia. Nilikunja nguo za Vero nikaziweka kwenye mfuko, ili nisije nikaambiwa nikiwa sijajiandaa.

Asubuhi niliamshwa na mtu anagonga ukuta wa chumba changu kutoka nje, anausikiliza kama mganga anayesikiliza kifua. Nilipita sebuleni, nikazunguka nje. Alikuwa Twalib, fundi mwashi, na patasi na nyundo yake, na mlango wa mbao umelazwa kwenye majani. Baba alikuwa amesimama pembeni ya migomba, mgongo kwetu.

"Nifungue upande gani, mzee?" Twalib aliuliza.

"Mimi siyo mwenye chumba." Kisha, bila kugeuka, akamwita mtoto. "Vero! Njoo kwa babu. Mwambie mama achague mlango wake akae wapi."

Vero akanigeukia, akasema, "Mama, mango," na ujumbe ukawa umefika.

"Shemeji, sema wewe," Twalib akasema. "Nikishapiga tundu sirudishi."

Niliutazama ule ukuta. Upande mmoja ulikuwa karibu na jiko. Upande mwingine ulitazama mlima Rungwe na kule linakotokea jua, siku linapotokea. Nilitembea na mtoto mkononi, nikaweka kiganja changu kwenye tofali za upande wa mlima. Zilikuwa na baridi.

"Hapa," nilisema.

"Hapa upepo utakuingia, shemeji."

"Hapa hapa."

Ndani ya nyumba simu ya baba ikaanza kulia kengele yake. Akaondoka mbio kwa kuzunguka upande wa pili, na Twalib akainua nyundo.